Taa ya cheki injini imewaka: soma msimbo, lakini usinunue kifaa kabla ya kupima

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Swali la taa ya cheki injini hurudi kila mara kwa sura ileile: taa imewaka, gari limepimwa kwa mashine, msimbo umetoka, kifaa kilichotajwa kwenye msimbo kimenunuliwa na kufungwa, na siku chache baadaye taa imewaka tena. Hoja yangu ni moja. Msimbo unakueleza ni kipimo gani ambacho kompyuta ya injini haikuridhika nacho; haukuelezi ni kifaa gani kimekufa. Kati ya mambo hayo mawili kuna kazi ya kupima, na wanaoiruka kazi hiyo ndio wanaobadilisha sensa tatu nzima kwa sababu ya mpira mmoja uliopasuka.

Kabla ya yote, tuitenganishe taa hii na nyingine. Taa ya injini ni ya njano au ya rangi ya machungwa. Taa nyekundu ya presha ya oili na ile ya joto la injini ni habari nyingine kabisa: hizo zikiwaka, egesha mahali salama na uzime injini, usijipe moyo kwamba umebakiza kilomita chache. Taa ya injini ikiwaka bila kupepesa, na gari halijabadilika nguvu, mlio wala joto, unaweza kuendelea na safari kwa utulivu na kulipima baadaye. Ikipepesa, maana yake injini inamisi, yaani mafuta ndani ya silinda hayawaki inavyopaswa, kiasi cha kuweza kuharibu masega, yaani kile kifaa cha kusafishia moshi kilichomo kwenye bomba la ekzosi. Petroli ambayo haikuungua ndani ya silinda huenda kuungulia humo, joto hupanda kupita kiwango ambacho masega yalitengenezwa kuhimili, na sehemu yake ya ndani huanza kuyeyuka. Ondoa mguu kwenye mafuta, punguza mzigo, na usimame mapema uwezavyo.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wanunuzi wa magari yaliyokwisha kutumika wangelizingatia wangeepuka mengi. Ukiwasha swichi kabla ya kupiga stata, taa ya injini lazima iwake, kisha izime baada ya injini kuwaka. Isipowaka kabisa, ama imeungua ama kuna mtu ameinyamazisha makusudi, na mtu hainyamazishi taa isiyo na la kusema.

Sasa tuje kwenye kupima. Mfumo wa OBD-II, yaani mfumo wa gari kujipima na kutoa misimbo hii, ulikuwa wa lazima kwa magari madogo ya Marekani kuanzia yale ya mwaka 1996; Umoja wa Ulaya ulifuata kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001 na ya dizeli mwaka 2004. Soketi yake ina nafasi 16 za pini na huwa chini ya dashibodi, karibu na dereva. Gari lililotengenezwa kwa soko lingine katika miaka hiyo linaweza kuwa na soketi inayofanana nayo lakini likatumia mawasiliano ya namna nyingine, hivyo kifaa kidogo cha Bluetooth cha kusomea misimbo kikishindwa kuunganishwa, si lazima kiwe kibovu.

Herufi ya kwanza ya msimbo hueleza eneo: P ni injini na gia, C ni chesi, B ni bodi, na U ni mawasiliano baina ya kompyuta za gari. Tarakimu inayofuata ikiwa 0, msimbo huo una maana moja kwa watengenezaji wote. Ikiwa 1, ni wa mtengenezaji mwenyewe, na hapo usitegemee orodha ya jumla, tafuta maelezo ya gari lako hasa. Tarakimu ya pili baada ya herufi hutaja mfumo: 1 na 2 ni mafuta na hewa, 3 ni uwashaji na kumisi, 4 ni udhibiti wa moshi, 7 na 8 ni giaboksi. Hayo yanatosha, hakuna haja ya kukariri zaidi.

Kitu ambacho wengi hawakisomi, na ambacho kwa maoni yangu kina thamani kuliko msimbo wenyewe, ni kumbukumbu ya tukio. Kompyuta inapoweka msimbo huhifadhi pia hali ya injini ya wakati huo: mizunguko kwa dakika, mwendo wa gari, joto la maji, mzigo wa injini, na kiasi cha mafuta kilichokuwa kikiongezwa au kupunguzwa. Chukueni msimbo wa P0301, yaani silinda ya kwanza inamisi. Ikiwa kumbukumbu inaonyesha joto la maji nyuzi 24 na mwendo sifuri, tatizo hutokea asubuhi injini ikiwa ya baridi, na fikra huelekea kwenye nozeli inayovuja, vali isiyokaa vizuri au hata maji yanayopenya gasketi ya silinda hedi usiku kucha. Ikiwa inaonyesha nyuzi 92, mwendo wa kilomita 80 kwa saa na mzigo wa asilimia 85, basi injini inamisi inapobanwa, na hapo koili, inayozalisha umeme wa cheche, na plagi, inayorusha cheche hiyo ndani ya silinda, ndizo za kushukiwa mwanzo. Msimbo ni uleule, lakini gari hizo mbili hazina ugonjwa mmoja. Ndiyo maana fundi anayefuta msimbo kabla ya kuandika kumbukumbu hii amefuta ushahidi wake mwenyewe.

Nitoe mfano mwingine, wa msimbo ambao nadhani ndio unaosomwa vibaya kuliko yote: P0171, mchanganyiko mwepesi katika upande wa kwanza wa injini. Maana yake ni kwamba hewa imezidi kulinganisha na mafuta yaliyopo. Kwa petroli ya kawaida, uwiano unaolengwa ni takribani gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli, na sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi ndiyo inayotoa taarifa kwamba uwiano umepotea. Basi watu huenda kununua sensa ya oksijeni. Huko ni kumpiga mjumbe. Sensa imefanya kazi yake. Swali ni hewa ya ziada imeingilia wapi, au mafuta yamepungua kwa nini.

Jibu hupatikana katika namba za marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza (juu ya sifuri) au kupunguza (chini ya sifuri), ambazo hata kifaa cha kawaida huzionyesha moja kwa moja injini ikiwa inanguruma. Namba hizo zikiwa kati ya asilimia 10 chini ya sifuri na asilimia 10 juu yake, kwa kawaida hakuna la kuhangaika nalo. Tuseme gari limesimama na marekebisho ya muda mrefu yako kwenye asilimia 20 juu. Ukipandisha resi mpaka mizunguko 2500 na kuishikilia hapo, yanashuka hadi 4. Hiyo ni hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma: mpira wa vakyumu uliopasuka, gasketi ya manifoldi iliyokauka, au mpira mkubwa kati ya sensa ya hewa na throtobodi (mlango wa hewa wa injini) wenye ufa chini ya mkunjo, mahali ambapo jicho halifiki mpaka uuvute kwa mkono. Tundu hilo halikui, kwa hiyo injini inapovuta hewa nyingi, hewa ya wizi huwa sehemu ndogo ya jumla. Namba zikienda kinyume, zikawa nzuri gari likiwa limesimama na zikapanda kadiri unavyobana mafuta, basi angalia pampu ya mafuta iliyochoka, chujio la mafuta lililoziba, au sensa ya hewa iliyoshika uchafu na kuhesabu hewa pungufu.

Sensa ya hewa husafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, bila kugusa ule waya mwembamba wa ndani kwa kidole wala kitambaa, na hurudishwa ikiwa imekauka kabisa. Mtu anayeisafisha kwa dawa ya breki anajitafutia msimbo mpya.

Karibuni kwa maswali. Tafadhali andikeni msimbo kamili na mazingira ambayo taa iliwaka. "Taa imewaka, nifanyeje" haitoshi kumpa mtu jibu.

Mchangiaji wa 2

Ahsante sana mkuu kwa somo. Mimi gari langu hupepesa taa likipanda mlima, kisha taa hutulia nikifika tambarare. Msimbo uliosomwa ni P0302. Fundi ameniambia nibadilishe koili zote nne pamoja na plagi zote. Je, ni lazima?

Mwanzisha uzi

Ndugu, si lazima kabla ya jaribio moja ambalo halihitaji kununua chochote. Ikiwa kila silinda ina koili yake, hamisha koili ya silinda ya pili uiweke kwenye silinda ya nne, na ya nne uiweke kwenye ya pili. Endesha kwa uangalifu mpaka injini imisi tena, kisha soma msimbo. Ukigeuka kuwa P0304, koili hiyo ndiyo mbovu na nyingine tatu hazina kosa. Ukibaki P0302, rudia jaribio hilo kwa plagi. Ukiendelea kubaki hapohapo, kinachobaki ni nozeli na presha ya silinda yenyewe, na hayo mawili hayatibiwi na koili mpya hata ukifunga kumi.

Unapoitoa plagi, itazame kabla ya kuifuta. Tafuta mstari mwembamba mweusi unaoteremka kwenye kauri nyeupe. Hiyo ni njia ambayo umeme umekuwa ukiipita kwa nje badala ya kuruka kwenye ncha, na mara nyingi mpira wa koili uliokuwa juu yake una alama hiyohiyo kwa ndani. Ukiwa na alama hiyo, badilisha plagi na mpira pamoja, kwa sababu kimoja kibovu kitaharibu kipya. Plagi ikitoka na oili juu, kwenye sehemu ya nje, ni gasketi ya kifuniko cha vali inayovuja ndani ya kisima cha plagi. Ikitoka na oili kwenye ncha, oili inaingia ndani ya silinda, na huo ni mjadala mwingine na mzito zaidi.

Mlima unakuonyesha tatizo kwa sababu presha ndani ya silinda huwa kubwa injini inapobanwa, na kadiri presha inavyokuwa kubwa ndivyo umeme unavyohitaji nguvu zaidi kuruka. Koili iliyochoka huweza kazi kwenye tambarare ikashindwa mlimani. Mpaka utakapoitengeneza, usipande milima kwa nguvu.

Kama plagi zote zimefikisha umri wake kwa mujibu wa kitabu cha gari, zibadilishe zote kwa pamoja. Huo ni utunzaji wa kawaida. Koili sizibadilishi kwa mkumbo.

Mchangiaji wa 3

Mimi ni fundi, na ninakubaliana na sehemu kubwa ya maelezo, isipokuwa ningependa kuongeza angalizo kwenye hoja ya hewa ya wizi. Maelezo ya mwanzisha uzi yanahusu magari yenye sensa inayopima hewa inapoingia. Yapo magari ambayo hayana sensa hiyo, hutumia presha ya manifoldi kukadiria hewa. Katika magari hayo, mpira wa vakyumu ukipasuka presha ya manifoldi hupanda, kompyuta huiona na kuongeza mafuta ipasavyo, kwa hiyo dalili yake kubwa si mchanganyiko mwepesi bali ni resi kupanda yenyewe gari likiwa limesimama. Nimeona watu wakitafuta msimbo wa P0171 ambao hautakuja kamwe.

Angalizo la pili: msimbo wa mchanganyiko mwepesi ukija pamoja na wa kumisi, usiamue haraka kipi kimeanza. Silinda inayomisi hutoa hewa yake yote ikiwa na oksijeni ambayo haikutumika, na sensa huiona oksijeni hiyo na kusema mchanganyiko ni mwepesi. Tundu kwenye ekzosi kabla ya sensa hufanya hivyohivyo, kwa kuwa baina ya msukumo mmoja wa moshi na mwingine bomba hilo huvuta hewa ya nje. Mimi huanza na kumisi, kwa sababu ni rahisi kuthibitisha.

Mwanzisha uzi

Nashukuru sana, mkuu. Angalizo la sensa ya presha ni la msingi na nilipaswa kulitaja. Wasomaji wafungue boneti waangalie: kukiwa na sensa iliyochomekwa kwenye bomba mara baada ya boksi la chujio la hewa, mara nyingi hiyo ndiyo ya kupima hewa, ingawa baadhi ni za joto la hewa peke yake.

Mchangiaji wa 4

Wakuu, langu ni P0420. Nimeshauriwa masega yatolewe kabisa, kwamba gari litapata nguvu na taa itazimika. Naomba mwongozo.

Mwanzisha uzi

Taa haitazimika kwa kuyatoa, na hapo ushauri huo unajipinga wenyewe. P0420 maana yake ni kwamba kompyuta imelinganisha sensa ya oksijeni iliyo kabla ya masega na ile iliyo baada yake, ikaona masega hayafanyi kazi ya kutosha. Ukiyatoa kabisa, sensa ya nyuma itaona moshi uleule unaoonwa na ya mbele, na msimbo utakuwa wa haki zaidi kuliko sasa. Baada ya hapo watu huanza kutafuta namna ya kuidanganya kompyuta, na moshi mchafu unaendelea kutoka.

Anza kwa kutazama sensa ya nyuma injini ikiwa imepata moto, resi ikiwa imetulia kwenye mizunguko 2500. Masega yakiwa mazima, volti zake hutulia kwa kawaida kwenye 0.6 hadi 0.7. Zikiwa zinaruka kutoka 0.1 hadi 0.9 na kurudi, tena kwa kasi ileile ya sensa ya mbele, masega yamechoka. Angalizo: magari mengi ya karibuni yana sensa ya mbele ya aina nyingine, isiyoruka namna hiyo, kwa hiyo iangalie zaidi ya nyuma. Kabla ya kutoa hukumu, hakikisha pia hakuna tundu kwenye ekzosi karibu na sensa hizo; alama yake ni masizi meusi kwenye maungio na mlio wa kutatika injini ikiwa ya baridi.

Hata yakithibitika kwamba yamekufa, swali linalofuata ndilo kubwa: yameuawa na nini? Kwa kawaida ni kumisi kwa muda mrefu, oili inayoungua, maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda, au mafuta yanayozidi. Ukifunga mapya bila kukitengeneza chanzo, unayapeleka yakafe palepale. Kuhusu nguvu, masega yaliyoziba kweli hulifanya gari lishindwe kupanda resi, lakini yaliyozibika hivyo hupimwa kwa geji ya presha kwenye tundu la sensa ya mbele. Kama gari lako lina nguvu zake za kawaida, hayajaziba.

Mchangiaji wa 5

Yangu iliwaka baada ya kujaza mafuta, msimbo P0457. Nimekaza kifuniko cha tangi lakini taa bado inawaka. Je, nifute?

Mwanzisha uzi

Subiri. Msimbo huo unahusu mvuke wa mafuta unaovuja, hasa kwenye kifuniko cha tangi. Makosa mengi huhitaji kuonekana katika safari mbili ndipo taa iwake, na baada ya kurekebishwa kompyuta huhitaji safari tatu mfululizo zisizo na kosa ndipo iizime. Zaidi ya hapo, kipimo cha mvuke wa mafuta hakifanyiki kila safari. Magari mengi hukifanya tu tangi likiwa si tupu sana wala halijajaa. Angalia mpira wa kifuniko: ukiwa na ufa au umekuwa mgumu, badilisha kifuniko. Ukifuta sasa, unafuta pia matokeo ya vipimo vyote vya ndani ambavyo gari limekwisha kujifanyia, na itabidi livianze upya.

Mchangiaji wa 6

Mkuu, langu limenishangaza. Misimbo saba kwa mpigo, ya sensa tofauti kabisa. Limekuwa bovu lote?

Mwanzisha uzi

Ni nadra sana sensa saba kufa kwa pamoja. Anza na umeme. Betri ya gari lililozimwa iwe karibu volti 12.6, na injini ikinguruma iwe takribani kati ya 13.5 na 14.7. Kisha kagua waya wa hasi kutoka kwenye betri hadi kwenye bodi na kwenye injini. Bolti iliyolegea au yenye kutu hapo huzua misimbo isiyo na uhusiano wowote.

Umeme ukiwa sawa, fahamu kwamba sensa kadhaa hulishwa volti 5 kutoka kwenye njia moja ya kompyuta. Mojawapo ikipiga shoti ndani, huivuta njia nzima chini na zote zinazoitegemea huonekana mbovu. Pima volti hizo kwenye plagi ya mojawapo, kisha chomoa sensa moja baada ya nyingine huku ukitazama mita. Volti 5 zitakaporudi ghafla, uliyoichomoa wakati huo ndiyo yenye hatia.

Mchangiaji wa 7

Nami nina P0113. Kwenye simu joto la hewa inayoingia linasomeka nyuzi 40 chini ya sifuri, wakati huku kuna joto. Sensa nimekwisha kuiagiza.

Mwanzisha uzi

Isitishe kwanza kama inawezekana. Namba hiyo ndiyo kompyuta nyingi huonyesha mzunguko wa sensa ya joto unapokuwa umekatika, kwa sababu kadiri baridi inavyozidi ndivyo upinzani wa sensa unavyoongezeka, na waya uliochomoka una upinzani usio na mwisho. Je, chujio la hewa lilibadilishwa hivi karibuni? Zima swichi, chomoa plagi ya sensa, kisha unganisha matundu yake mawili ya waya kwa kipande kifupi cha waya na uwashe swichi. Joto likiruka kutoka hapo hadi kiwango cha juu sana, waya na kompyuta ni vizima na sensa ndiyo yenye tatizo. Lisipobadilika, tatizo liko kwenye waya au kwenye kompyuta. Iwapo ni sensa inayobeba pia kipimo cha hewa, ina waya zaidi ya mbili. Usiunganishe chochote mpaka upate mchoro wa umeme wa gari lako.

Mchangiaji wa 7

Chujio lilibadilishwa wiki iliyopita, mkuu. Nimefungua boneti na kukuta plagi ya sensa inaning'inia pembeni ya boksi la chujio. Nimeichomeka, joto sasa linasomeka nyuzi 31. Taa bado inawaka, lakini naisubiri hizo safari tatu.